Mizabibu bila sumu Hombolo: anza na tarehe ya kupogolea

Swali: Nina ekari mbili za mizabibu Hombolo, Dodoma. Mingi ni ya aina ya Makutupora Nyekundu, mistari michache ni Chenin Blanc. Nimemaliza kuvuna mwezi wa tisa na bado sijapogolea. Kila msimu wa mvua napiga dawa karibu kila wiki, na bado vichala vinaoza. Ardhi imekuwa ngumu, mchwa wanatafuna nguzo na vishina, panya na ndege nao wanachukua fungu lao. Nataka kuacha sumu, lakini majirani wananiambia nitavuna majani matupu. Nina kisima ambacho maji yake yanafika mpaka Agosti. Nianzie wapi?

Jibu: Dada, umeandika wakati mzuri, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote bado liko mikononi mwako: hujapogolea. Wengi wanaotaka kuacha viuatilifu huanza kwa kutafuta dawa ya asili ya kuchukua nafasi ya ile ya dukani. Wanachemsha mwarobaini, wanasaga pilipili na vitunguu saumu, wanapuliza, mvua inanyesha, vichala vinaoza, kisha wanarudi dukani wakiwa wamekata tamaa. Mimi nakushauri uanze na kalenda, kisha udongo, halafu wanyama na wadudu. Kupuliza kitu chochote kuwe jambo la mwisho.

Mzabibu wa Ulaya hupukutisha majani wakati wa baridi na kulala miezi kadhaa. Hapa Dodoma, nyuzi 6 hivi kusini mwa Ikweta, haulali. Unaamshwa na mkasi: unapogolea, macho (vile vinundu vya tawi vinavyotoa chipukizi) yanachipua, na baada ya miezi minne hivi unavuna. Ndiyo maana tunaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, mara ya kwanza kati ya Februari na Aprili, mara ya pili Agosti na Septemba. Tumezoea kuiona hiyo kuwa baraka tupu. Lakini mavuno hayo mawili hayafanani hata kidogo kwa afya. Ya kwanza yanatoa maua, yanajaa na kuiva mvua ikinyesha. Ya pili yanaiva kipindi cha kiangazi, usiku wa Juni na Julai ukiwa na baridi na upepo ukikausha majani mapema asubuhi.

Ugonjwa unaokufilisi wakati wa mvua, kwa jinsi ulivyoueleza, ni ubwirivinyoya pamoja na uozo unaofuata nyuma yake. Kuvu wa ubwirivinyoya hawezi kuingia kwenye jani kavu. Anahitaji maji yakae juu ya jani kwa saa kadhaa, na Januari Hombolo unampa maji hayo usiku baada ya usiku. Hakuna dawa ya asili ninayoijua ambayo ningekuahidi italinda vichala vya Chenin Blanc, vilivyobanana kama vilivyo, katika mvua ya namna hiyo. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mgumu kuupokea: kwenye sehemu utakayoibadilisha, achana na mavuno ya mvua.

Najua hiyo ni pesa inayokwenda. Lakini mzabibu hautakaa bure. Wakulima wa Nashik, kule Maharashtra nchini India, wana tatizo kama letu, ila mvua zao zinanyesha miezi ya katikati ya mwaka. Wanapogolea mara mbili na kuvuna mara moja. Aprili wanakata kwa kufupisha ili mti utengeneze matawi mapya, Oktoba wanakata tena kwa ajili ya matunda, na wanavuna Februari na Machi kukiwa kukavu. Wewe geuza kalenda hiyo. Sasa hivi, kabla ya mvua, kata ufupishe, bakiza macho mawili kwa kila tawi. Vichala vya maua vikitokeza, viondoe kwa mkono vikiwa bado vidogo. Mvua yote ya Desemba mpaka Machi itumike kukuza matawi na kujaza akiba kwenye kishina na mizizi. Aprili mwishoni, mvua zikikatika, pogolea kwa ajili ya matunda, na uvune Agosti au Septemba.

Kuna kitu kimoja usikipuuze kwenye mpango huu. Vichala vya msimu ujao hutengenezwa ndani ya macho ya tawi la sasa, miezi kabla hujaviona, na jicho lililokaa gizani halitengenezi kichala kizuri. Kwa hiyo, ingawa wakati wa mvua huna tunda la kulinda, usiache shamba liwe kichaka. Funga matawi kwenye waya yakitazama juu, punguza yaliyosongamana, jua lifike ndani. Majani yatapata madoa, ndiyo, lakini jani lenye madoa machache bado linafanya kazi, wakati kichala kilichooza hakina mnunuzi.

Sasa udongo. Udongo mwekundu wa kichanga wa Dodoma una mboji kidogo sana, na ukiachwa uchi matone ya mvua za kwanza huupiga mpaka juu panaziba. Mvua yetu ni kama milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na inakuja kwa vishindo. Maji yakishindwa kuingia yanaondoka na udongo wa juu. Wazee wa Kondoa hawahitaji kusimuliwa hili: huko mmomonyoko ulifika mahali ambapo serikali ilianzisha mradi wa hifadhi ya ardhi wa HADO mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lote lililoharibika.

Kwako, acha kupalilia mpaka ardhi iwe safi kama uwanja wa nyumba. Najua mkulima mwenye shamba safi ndiye anayesifiwa kijijini, lakini usafi huo ndio unaokupa ugumu unaoulalamikia. Mvua za kwanza za Desemba zikishalainisha ardhi, panda mimea funika katikati ya mistari. Kunde na fiwi zinafaa na zinaliwa nyumbani. Ila kwanza ng'oa mzabibu mmoja au miwili iliyodhoofika uangalie mizizi. Ukiona vinundu vidogo vidogo, hao ni minyoo fundo, na aina nyingi za kunde huwalisha. Hapo panda mmea uitwao marejea badala yake, maana marejea huwapunguza. Acha nafasi ya hatua moja kila upande wa kishina, unyevu usikae chini ya majani. Machi mwishoni, kabla mimea hiyo haijaanza kugombania maji na mizabibu, ifyeke na uiache palepale iwe matandazo. Usiizike kwa jembe. Kwa mkulima wa kisima kinachokauka Agosti, matandazo hayo ni maji: kila siku ambayo jua haliugusi udongo ni siku unayomwagilia kidogo zaidi.

Samadi unayo karibu, kwa kuwa uko katikati ya wafugaji. Chukua ya zizi iliyokaa na kuoza mpaka haina joto wala harufu kali. Mbichi inaleta mbegu za magugu na inaunguza mizizi. Debe moja kwa kila mzabibu, mara moja kwa mwaka, ichanganywe kidogo na udongo wa juu mbali na kishina, inatosha kwa kuanzia. Ukizidisha utapata majani mengi mororo, na majani mororo ndiyo yanayopendwa na ubwiri na wadudu wanaofyonza.

Nilipotaja matandazo nadhani ulishawafikiria mchwa, na una haki. Mchwa wengi wa huku wanatafuta mti mkavu na majani makavu. Wanaugeukia mti hai pale ambapo hawana kingine, au pale ambapo wameonyeshwa mlango. Mlango wenyewe ni kisiki kikavu kilichoachwa na mkasi. Ukikata tawi kubwa ukaacha kipande kinachokauka, mchwa wanaingia hapo na kushuka ndani ya kishina. Kata karibu, kata safi, ondoa mbao zote zilizokufa juu ya mti. Matandazo yakae mbali na kishina kiasi cha urefu wa mkono mpaka kwenye kiwiko. Nguzo zinazooza zibadilishe kidogo kidogo kwa za zege au chuma, hasa za mwisho wa mistari zinazobeba mvuto wote wa waya.

Lakini usipange kuwamaliza. Huko Burkina Faso, mkulima Yacouba Sawadogo, aliyepata tuzo ya Right Livelihood mwaka 2018, alifufua ardhi iliyokuwa ngumu kama sakafu kwa kuchimba vishimo vya asili ya kwao viitwavyo zaï na kuweka samadi ndani yake. Samadi iliwaita mchwa, mchwa wakatoboa ardhi, na maji yakapata njia ya kuingia. Kazi hiyohiyo wanaweza kukufanyia katikati ya mistari, ukiwapa chakula huko na kuwanyima mlango kwenye kishina.

Kuhusu panya, nakuomba kitu kimoja kwa msisitizo: acha sumu ya panya leo, hata kabla hujaacha dawa nyingine. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Anazunguka akiwa mlegevu, na anayemkamata kwa urahisi ni bundi, kicheche au nyoka, nao wanakufa. Unabaki na panya wasio na adui, na panya wanazaana haraka kuliko adui zao. Kwenye mashamba ya mizabibu ya bonde la Napa, Kalifornia, wakulima wanasimika masanduku ya kutagia kwa ajili ya bundi wenye uso mweupe wa umbo la moyo, na watafiti wa chuo kikuu cha Humboldt wamekadiria kwamba familia moja ya bundi hao inaweza kula zaidi ya wanyama wagugunaji 3,000 kwa mwaka. Bundi wa jamii hiyo wapo hapa kwetu pia.

Ninajua ninachokuomba. Bundi akitua juu ya bati, watu hawalali, na wapo wanaompiga mawe mpaka afe. Usisimike sanduku kimyakimya, maana likitokea jambo lolote kijijini utalaumiwa wewe. Zungumza kwanza na wazee na majirani, waeleze kuhusu panya wanaomaliza pia mtama na karanga zao ghalani, na sanduku liwe mbali na nyumba za watu. Ukubwa wa sentimita 40 kwa 40 kwa kimo cha 60, tundu la sentimita 15, juu ya nguzo ya mita tatu au nne, mlango ukiwa upande usiopigwa na upepo wa mvua. Wakikataa, heshimu. Simika nguzo tupu zenye kijiti cha kukingama juu, ndege wawindaji wa mchana watatua hapo. Nyoka nao wengi wanaoingia shambani wanafuata panya. Vaeni viatu virefu wakati wa kufyeka, hasa kwa ajili ya kifutu, anayelala tuli kwenye majani makavu na hakimbii ukimkaribia.

Ndege walao zabibu ni tatizo litakalokua ukihamia mavuno ya kiangazi peke yake, nisikufiche. Agosti porini hakuna tunda wala maji, na shamba lako litakuwa karamu. Nyavu ndizo kinga ya uhakika. Zivute zikaze, matundu yawe madogo, kwa kuwa wavu uliolegea unawanasa ndege na nyoka wakafa kifo kibaya bila faida kwako. Kama huwezi kununua za shamba zima, anza na mistari ya pembeni iliyo karibu na vichaka, huko ndiko wanakoanzia. Kuamia asubuhi na jioni katika wiki tatu za mwisho bado ni kazi ya lazima, na kwa ngedere sijaona kingine kinachoshinda mtu na mbwa. Ndege wawindaji pia husaidia zaidi ya tunavyodhani: huko Marlborough, New Zealand, walihamishia kozi wa asili kwenye mashamba ya mizabibu, na uharibifu wa ndege ukapungua sana palipokuwa na kozi. Kwa sababu hiyo huniuma ninapoona kwelea kwelea wakinyunyiziwa sumu ya fenthioni kutoka angani, maana mwewe na bundi wanaokula maiti zile nao huondoka.

Ukiona utando mweupe kama pamba kwenye makunyanzi ya gamba na ndani ya vichala, hao ni vidung'ata. Tazama kama kuna sisimizi wanaopanda na kushuka. Sisimizi wanalamba utamu wanaotoa vidung'ata, na kwa malipo wanawafukuza nyigu wadogo na wadudu kobe ambao wangewala. Ukiwazuia sisimizi, kazi kubwa inafanywa na wengine. Bandua gamba lililolegea, zungushia kishina utepe wenye gundi, na pale walipojaa puliza maji ya sabuni ya kawaida. Afrika inalijua somo hili vizuri. Vidung'ata vya muhogo vilipotishia chakula cha mamilioni ya watu, mtaalamu wa wadudu Hans Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki, walileta nyigu mdogo kutoka Paraguay, wakamwachia kwa mara ya kwanza Nigeria mwaka 1981, akaenea nchi kwa nchi na kuwapunguza vidung'ata bila mkulima kununua chupa hata moja. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu wa namna hiyo wanahitaji maua madogo madogo ya kunywa, basi usifyeke kila ua la mpakani, na uache visiki vya miti ya porini vichipue pembezoni kwa njia ya kisiki hai.

Nimefika kwenye kupuliza. Kilimo hai kinaruhusu vitu viwili ambavyo ni dawa kamili, na vinaweza kudhuru. Cha kwanza ni mrututu (chumvi ya shaba ya rangi ya buluu) uliochanganywa na chokaa, mchanganyiko uliofanyiwa kazi na mtaalamu wa mimea Millardet huko Bordeaux, Ufaransa, mwaka 1885 dhidi ya ubwirivinyoya huohuo. Unafanya kazi. Lakini shaba haiozi. Kila unachopuliza kinaishia ardhini na kubaki hapo, kikiwadhuru nyungunyungu na viumbe vidogo unaowahitaji. Umoja wa Ulaya umeweka ukomo wa kilo 28 za shaba kwa hekta katika miaka 7, yaani wastani wa kilo 4 kwa mwaka. Mrututu una shaba kiasi cha robo ya uzito wake, hivyo kwa ekari moja ukomo huo ni kama kilo 6 na nusu za mrututu kwa mwaka mzima. Ukiwa huna tunda wakati wa mvua, hutahitaji hata nusu yake: mara chache tu, kulinda majani machanga. Na usilishe kondoo kwenye majani yaliyopulizwa. Kondoo hawavumilii shaba, wanakufa.

Cha pili ni salfa, kwa ajili ya ubwiriunga. Huyu hahitaji jani lililolowa, kwa hiyo atakufuata hata kiangazi, hasa palipo na kivuli na hewa isiyotembea. Kinga ya kwanza ni kupunguza majani yanayozunguka vichala, upande wa jua la asubuhi, siyo wa magharibi ambako jua la mchana linaunguza tunda. Salfa puliza asubuhi au jioni, usipulize joto likizidi nyuzi 30, inaunguza majani. Acha kabisa mwezi mmoja kabla ya kuvuna, kwa sababu masalia yake yakiingia kwenye mchuzi wa zabibu, mvinyo unatoka na harufu ya yai bovu, na kiwanda kitakukumbuka kwa ubaya. Anayepuliza afunge pua na macho. Wengine Australia wamejaribu maziwa, lita moja kwa lita kumi za maji, na ugonjwa ukipigwa mapema matokeo yalikuwa mazuri. Wewe unaweza kuyajaribu kwenye mstari mmoja ujionee.

Mpakani na jirani anayepuliza dawa kali, panda ua wa minyaa na uhesabu mistari yako miwili ya mwanzo kuwa si ya kilimo hai. Wakati wa kukata minyaa linda macho, utomvu wake ni hatari.

Suala la soko nalitaja kwa sababu ndilo linalowavunja moyo waliofaulu shambani. Zabibu zako ekari mbili haziwezi kujaza tangi peke yake. Ukizipeleka kiwandani au ukamua mchuzi na kuuza kwa mnunuzi wa kawaida, vinachanganywa na vya kila mtu, na kazi yako yote inapotelea humo. Mvinyo wa kilimo hai unadai uangalizi mpaka ndani ya kiwanda. Ulaya yenyewe, mpaka mwaka 2012 ndipo walipopata kanuni za kuuita mvinyo wenyewe hai, kabla ya hapo waliruhusiwa kusema zabibu tu ndizo hai, na kanuni hizo zinapunguza hata kiasi cha salfaiti, kemikali ya kuhifadhi mvinyo. Kwa hiyo tafuta wenzako Hombolo watakaokubali kalenda ileile, mfike wingi wa tangi moja, halafu mwende kwa mtengenezaji mdogo wa mvinyo pamoja, kabla ya kuvuna. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha mazao ya kilimo hai tangu mwaka 2007 na alama ya Kilimohai, na kikundi kinaweza kukaguana kwa utaratibu wa uhakiki shirikishi badala ya kila mtu kulipia mkaguzi wake. Anzeni kwa kuuliza TOAM, chama cha kilimo hai Tanzania. Zabibu za kula mbichi zina njia fupi zaidi, zinauzwa na alama yake moja kwa moja, kama siku moja utapanda aina hizo.

Usibadilishe ekari zote mbili mwaka huu. Chukua nusu ekari ya Makutupora Nyekundu, iliyo mbali na mpaka na karibu na kisima, uipogolee kwa kufupisha wiki hii. Sehemu iliyobaki iendeshe kama ulivyozoea ili nyumba isilale njaa, ila bila sumu ya panya. Chenin Blanc iwe ya mwisho kuhamia. Mbegu za marejea zitafute sasa, Novemba zinaadimika, na kabla hujazinunua chimba ile mizizi uiangalie.